Beberu Aliyeachwa Siku ya Idd

Kila siku kabla ya kwenda shule, Hajira aliwatoa mbuzi wa baba yake zizini, kisha akafagia. Asubuhi ile, pale kijijini Mtawanya, hakutulia. Mara kwa mara aliuacha ufagio akaenda kumtazama mwanambuzi aliyezaliwa juzi. Taya lake la chini lilikuwa limepinda, na kila aliponyonya maziwa yalimwagika. Wawili waliomtangulia walizaliwa vivyo hivyo, wakafa.

"Jicho la watu hilo," alisema baba yake, Mzee Mrisho. "Mbuzi wangu wanatazamwa sana."

Ni kweli walitazamwa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya Dar es Salaam yakaanza kufika Kibiti kutafuta mbuzi wakubwa. Beberu mweupe wa Mzee Mrisho alikuwa na kifua kipana kuliko wote, na majirani walimletea majike yao. Mwaka uliopita Hajira alimfungua mdomo beberu huyo, akaona taya limepinda kidogo, limefichwa na ndevu. Hakumwambia mtu. Baba hakupenda beberu wake asemwe.

Darasani, rafiki yake Zena alimnong'oneza, "Mbuzi wangu analia tangu jana, anataka beberu. Jioni namleta kwenu."

Hajira alishtuka. Zena alikuwa na mbuzi yule mmoja tu, aliyeachiwa na marehemu bibi yake.

"Mbona umenuna?" Zena alimtania. "Unamwonea wivu bwana harusi?"

Hajira hakucheka. Siku nzima alikosea hesabu.

Jioni Zena alifika akivuta kamba. "Karibu, mkwe wangu!" alisema Mzee Mrisho kwa furaha, akaanza kumfungua beberu mweupe.

"Baba, usimwachie!"

"Una wazimu? Unaniaibisha mbele ya mgeni?"

"Samahani, Baba. Shika taya lake, kisha shika la mtoto. Nilijua tangu mwaka jana, nikaogopa kusema."

Mzee Mrisho alipitisha kidole. Akaenda kwa mwanambuzi, akarudi kwa beberu, akaenda tena.

"Beberu huyu nilitaka kumchinja Idd Kubwa mwaka juzi," alisema hatimaye. "Kaka yangu Abdulswamadu akakataa. Alisema mdomo una kasoro, hafai kwa ibada. Tukamchinja ndugu yake aliye mzima. Huyu nikamwacha azalishe."

Mzee Mrisho akamsogelea beberu mwekundu aliyemnunua Ikwiriri kwa ajili ya Idd ya mwaka huo. Akamkagua mdomo na miguu.

"Huyu hachinjwi," alisema. "Idd tutashirikiana ng'ombe na jirani zetu, kina Yassin." Akamfungua amwendee mbuzi wa Zena.

Kesho yake beberu mweupe alihasiwa. Mzee Mrisho alipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani, jambo lililomwia gumu sana. Hajira naye akawa anamnywesha mwanambuzi maziwa kwa kijiko.

Baada ya miezi mitano mbuzi wa Zena alizaa mapacha. Mzee Mrisho, hata salamu hazijaisha, aliingiza kidole kinywani mwa kila mmoja. Wakakinyonya kwa nguvu.

"Tulikuwa tunachinja wazima na kuwafanya wenye kasoro kuwa baba," aliwaambia wasichana. "Beberu mmoja anazaa na zizi zima. Mkagueni yeye na watoto wake, msidanganywe na kifua. Na wewe Hajira, ukiona kosa, hata likiwa langu, liseme mapema kwa adabu. Mimi nitajifunza kusikiliza."