Kivuli Kilichopanda Mbavu za Akina Khoeli

Haya yalimpata dada yangu Limpho. Alinisimulia mara moja tu, jikoni kwa mama yetu pale Maseru, tukimenya pichi za kukausha. Siku nyingine nilipomwomba arudie, aliinuka akatoka nje.

Limpho ni daktari wa picha. Kila eksirei ya hospitali yao hupita machoni pake kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Mwaka ule walikuwa wamepata programu mpya iliyounganishwa na ghala la picha laki mbili za vifua, nyingi za Wasotho waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Unaipa picha ya mgonjwa wako, nayo inapekua ghala zima na kukuletea zinazofanana nayo. Haisomi jina wala umri. Inatazama sura ya picha, basi. Ukisoma wale wengine waliugua nini, unapata pa kuanzia.

Jumanne moja asubuhi akaja msichana aitwaye Puseletso Khoeli, fundi cherehani kwenye kiwanda cha jinzi. Alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Alikuja na mama yake, 'M'e Mapuseletso, yaani Mama Puseletso, aliyejikunyata kwenye blanketi lake.

"Niambie ukweli tu, daktari," Puseletso alisema. "Mimi kazi yangu kukata na kushona. Siogopi mkasi."

"Tulia kwanza nikupige picha. Mkasi tutautafuta baadaye."

Picha ikatoka. Juu kwenye pafu la kulia, chini kidogo ya mtulinga, palikuwa na kivuli kirefu, chembamba. Hakikuwa kama kifua kikuu, wala hakikuwa kama uvimbe wowote aliowahi kuuona. Limpho alikitazama kwa muda mrefu.

Kilikuwa na mabega.

Akaiingiza picha kwenye programu, akaomba kumi zinazofanana nayo. Zikaja nne. Wanaume wanne: wa mwaka 1963, 1979, 1991 na 2006. Madaktari wanne walikuwa wameandika mambo manne. Kifua kikuu. Vumbi la mgodi. Uvimbe. Wa mwisho aliweka alama ya kuuliza tu. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemaliza mwezi baada ya kupigwa picha.

Wote wanne waliitwa Khoeli.

Ugonjwa wa kurithi, Limpho akawaza, na wazo hilo likamtuliza kidogo. Akazipanga picha kwa miaka, akawa anazipitisha moja baada ya nyingine, haraka. Ya 1963, kivuli kilikuwa chini kabisa, kwenye ubavu wa mwisho. Ya 1979, mbavu mbili juu. Ya 1991, juu zaidi. Akarudia. Akarudia tena. Kila mara kivuli kilikuwa kimeshika ubavu wa juu yake, kama mtu ashikavyo kipago cha ngazi.

Haukuwa ugonjwa mmoja ndani ya watu watano. Kilikuwa kitu kimoja.

Akamwita mama ndani, peke yake. 'M'e Mapuseletso alizitazama picha, akaketi bila kuambiwa.

"Hawa ni kina nani, 'm'e?"

"Baba mkwe wangu. Shemeji zangu wawili. Huyo wa mwisho ni mume wangu." Akanong'ona: "Amempata na mwanangu?"

"Nani amempata?"

Mama akautazama mlango kwanza. Kisha akaeleza. Mwaka 1962 mwamba uliporomoka mgodini. Baba mkwe alikimbia, akamwacha ndani mwenzake, Ntate, yaani Bwana, Letlatsa. Wakubwa wa mgodi wakamuuliza kama kuna mtu amebaki. Akaogopa kuitwa mwoga. Akasema hakuna. Basi wakaliziba lile shimo kwa zege.

"Alimsikia akigonga," mama alisema. "Siku mbili. Na bado baba mkwe hakusema. Alikuja kusema siku ile anakata roho."

"Sasa anataka nini kwenu?"

"Mtu aliyefukiwa hai anataka nini, mwanangu? Anataka kutoka."

Limpho hakuamini. Aliamua kumpeleka msichana kwa wapasuaji wa Bloemfontein, na kwa hilo alihitaji picha ya pili, ya ubavuni. Ilikuwa saa ya chakula na fundi wa mashine ameenda kula, kwa hiyo akapiga mwenyewe. Akafunga mlango kwa ufunguo. Mama akakataa kutoka, ikabidi asimame naye nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi," Limpho alisema kwenye kipaza sauti. "Ishikilie."

Mashine ikalia. Picha ikatokea.

Kivuli kilikuwa kimefika kooni.

Alipaswa kusema pumua. Akabaki akikitazama. Mama akainama kwenye kipaza sauti.

"Ntate Letlatsa," alinong'ona. "Tulikuacha. Tulijua, tukakuacha. Toka sasa."

Puseletso akaitoa pumzi.

Hakuacha. Limpho akatazama saa ya ukutani. Nusu dakika. Dakika. Dakika na nusu. Hakuna pafu lenye hewa kiasi hicho. Kioo kikaingia ukungu, upande wa kule. Chumba kikanuka mawe mabichi na baruti.

Kisha kitu kikagonga mlango wa kutokea. Kwa ndani. Mara tatu, polepole.

"Mfungulie, mwanangu," mama akasema.

Dada yangu, mwenye miaka kumi na mmoja ya udaktari, alikwenda akazungusha ufunguo. Baridi ikampita begani. Koridoni hapakuwa na mtu.

Puseletso alikuwa ameketi sakafuni, akisema ana njaa. Akala chakula chote cha Limpho, papa na moroho, yaani ugali na mboga za majani, akalamba hata kijiko. Picha ya tatu ilionyesha mapafu safi kabisa. Mpaka leo yuko kiwandani, anashona.

Kabla ya kufunga ofisi jioni ile, Limpho aliiingiza tena picha ya kwanza kwenye programu. Safari hii ikaletwa moja tu. Haikuwa na jina wala namba, ila saa: saa saba na dakika kumi na mbili mchana, siku hiyohiyo, kwenye mashine yake. Haikuwa na mbavu. Haikuwa na mapafu. Kilikuwepo kile kivuli tu, kimesimama wima, mikono imelala ubavuni.

Aliwaomba wenye ghala waifute. Wakamjibu kwamba kwao haionekani.

Mwezi uliopita alipigiwa simu na daktari wa hospitali moja ya Francistown, mbali na kwetu, ambayo nayo inatumia ghala hilo.

"Samahani, dada, kuna picha yenu haina jina. Programu inasema inafanana na ya mgonjwa wangu. Kijana tu, hajawahi hata kufika huko kwenu."

Limpho akakaa chini. Akamuuliza, kile kivuli kwenye ile picha isiyo na jina, mikono yake iko wapi.

Yule daktari akaitazama tena.

"Mmoja uko chini," alisema. "Mwingine umeinuliwa. Ngumi imekunjwa, kama ya mtu anayetaka kugonga."