Kinyozi Habishani na Kichwa

Soko lilifurika, na tikiti maji lilikuwa limebaki moja. Mikono miwili ililidaka pamoja: wa binti wa duka la dawa, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na wa kijana mmoja aliyenukia poda ya saluni.

"Dada, hili limeniita kwa jina," kijana akasema.

"Basi liitikie ukiwa hukohuko," binti akajibu, akicheka bila kutaka.

Wakaligawana. Kijana alikuwa kinyozi, na haukupita muda akawa anampigia simu kila jioni.

"Dakta wangu, umekula?"

"Nimekula, msumbufu wangu."

Alipomwambia kwamba kwao ni mlimani, kwa wale watu wachache ambao mji mzima unawasema, kinyozi alimshika mkono. "Kumbe mlimani ndiko wanakozaliwa wazuri." Binti wa watu akapenda, akapenda hasa.

Siku moja akampelekea chakula cha mchana. Kabla hajafunua pazia la saluni, alimsikia mteja akisema, "Watu wa mlimani? Wezi wale, na maji hawayajui."

"Kabisa, mzee," ikajibu sauti anayoipenda. "Hawaaminiki."

Akarudi na bakuli lake. Moyo ulimuuma hata njia hakuiona vizuri.

"Mpenzi, ile ni kazi tu," kinyozi alijitetea kwenye simu. "Kinyozi habishani na kichwa alichokishika. Huyu akiisifu timu yake, naisifu. Anayefuata akiiponda, naiponda. Moyoni simo."

"Najua humo, na ndicho kinachonitisha. Kama unamkubalia kila anayekaa mbele yako, nikikaa mimi nitajuaje kuwa ni mapenzi, si mazoea ya kazi?"

Binti akaacha kupokea simu za kinyozi, akawa analia akipanga chupa za dawa.

Asubuhi moja akaingia mzee wa suti, kofia imeshuka hadi masikioni.

"Binti, nipe dawa ya kichwa. Na ya hasira kama ipo." Akavua kofia. Upande mmoja umenyolewa safi, wa pili kichaka.

"Pole, baba! Imekuwaje?"

"Kinyozi wangu wa siku zote! Nimesema mambo ya kawaida tu kuhusu watu wa mlimani, akazima mashine. Ati, 'Mzee, ninayempenda ni wa huko, na siku ile nilikuitikia uongo.' Saluni imejaa! Hanimalizii mpaka niombe radhi. Nikaondoka zangu."

Binti alishika kaunta, kicheko na machozi vikagombea uso wake.

"Anayesemwa ni mimi, baba."

Kofia ikarudi kichwani upesi. "Aa, mwanangu, mimi sina ubaguzi! Ilikuwa soga tu. Nyie ni watu wasafi sana."

"Hayo kayaseme kulekule ulikosema yale. Twende, nakusindikiza."

Njiani akapiga simu.

"Dakta wangu! Jamani, umenipigia!"

"Washa mashine, nakuletea kichwa chako. Lakini yale uliyoyasema, yaseme tena niyasikie."

Nyuma ya kinyozi zilisikika kelele za wanaume. Akazipita zote: "Nampenda binti wa mlimani! Akinikubali, namwoa!"

Barabara ilijaa watu. Tangu ahamie mji huu, binti hakuwahi kutaja kwao mbele ya wapita njia.

"Binti wa mlimani amekubali!" akapaza sauti, na watu wakageuka kumtazama.