Levina Achagua Kitabu cha Lugha ya C

Margareta alimimina mbegu za mpunga katika beseni la maji ya chumvi. Mapepe, yaani mbegu tupu zisizo na kiini, yalielea. Aliyachota, akawatupia kuku. Ndivyo wafanyavyo wakulima makini wa kijiji cha Mofu kabla ya kusia kitalu.

Kando yake, binti yake Levina aliinamia kompyuta. Alikuwa akijifunza lugha ya C, ambayo hutumika kuandika programu za kuendesha vifaa vidogo. Mwaka uliopita, mto ulifurika familia ikiwa kanisani, ukazamisha miche yote. Levina akaahidi kutengeneza king'ora kitakacholia maji yanapopanda.

"Kijaribu leo," alisema baba yake, Fulgensi. "Kikishindwa, nitahamia shambani na huu mguu wangu mbovu."

Levina alitumbukiza kipimo cha king'ora katika ndoo ya maji. King'ora kilinyamaza.

"Kizuri," alisema Fulgensi. "Hakisumbui majirani."

Levina hakucheka. Alikwenda kumwita jirani yao Tekla, fundi wa vifaa vya kupimia maji katika skimu ya umwagiliaji. Tekla aliwaamkia wazee, kisha akaisoma programu mstari kwa mstari.

"Umehifadhi vipimo kumi vya kina cha maji, lakini umeiagiza mashine isome kumi na moja. Hicho cha mwisho ni takataka, nacho kinaharibu wastani unaokiamuru king'ora kilie. Nani alikufundisha?"

"Video, dada. Zilikuwa nyingi, nikachukua iliyo fupi."

"Lugha ya C haikuzuii kuvuka mpaka wa ulichohifadhi. Kwa hiyo mwalimu wake lazima akuonye."

Margareta aliinua uso kutoka kwenye beseni. "Yaani mbegu tunachagua, mwalimu unaokota?"

Tekla alicheka. "Mama amemaliza somo! Nawe wachovye walimu wako kama mbegu, Levina. Ukipata kitabu au video, fungua kwanza somo unalolijua, kama hili la mpaka. Je, mwalimu anaeleza sababu? Anaonya? Anakupa mazoezi ya kufanya mwenyewe? Tazama pia mwaka wa toleo, maana lugha hii hufanyiwa marekebisho. Kisichokuwa na hayo ni pepe."

"Na video nisitazame tena?"

"Tazama, lakini baada ya kitabu. Tena iagize kompyuta ikuonyeshe maonyo yote kuhusu programu yako, wala usipuuze hata moja."

Levina alipima video nne na vitabu viwili. Kilibaki kitabu kimoja kinene, chenye mazoezi mwishoni mwa kila sura. Wiki nzima alisoma na kufanya mazoezi bila kunakili. Jumamosi aliandika programu upya, peke yake, akatumbukiza kipimo katika ndoo. King'ora kililia hadi kuku wakatawanyika.

"Sasa kinasumbua majirani," alisema Fulgensi, akitabasamu.

Walisia mbegu, wakakisimika king'ora kitaluni, upande wa pili wa kanisa, ambako mlio ungesikika hadi ndani. Jumapili ya tatu, misa ikikaribia mwisho, king'ora kililia. Fulgensi aliinuka, akachechemea hadi shambani, akaziba mdomo wa mfereji kwa viroba vya mchanga. Maji yaliishia nje ya tuta la kitalu. Miche yote ilipona.

Margareta alikuwa hajawahi kumsamehe mtu anayetoka kanisani kabla ya baraka. Siku hiyo alikuwa ameikunja miguu yake mwenyewe kumpisha mumewe atoke, kisha akamgeukia Levina, akampa mkono mbele ya watu wote.