Fomu ya Ndoa Chini ya Sakura

— Wewe nawe! Miaka miwili hujaniona, halafu kitu cha kwanza unacheka nywele zangu?

— Zimekwenda wapi, Shigeki?

— Nimeziacha Sendai. Baridi ya kule haina huruma.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka kiasi kile! Ndiyo kwanza tulikuwa tumeingia kwenye njia ya Osaka yenye miti ya sakura iliyochanua maua, ile inayofunguliwa wiki moja tu kwa mwaka. Watu walijaa, wote wakielekea upande mmoja, na walinzi wenye vipaza sauti hawakuchoka: "Songeni mbele, tafadhali! Msisimame!"

Wiki moja nyuma alikuwa amenitumia ujumbe:

"Chizuru, nakuja Osaka Jumamosi. Nina jambo la kukuomba, lazima iwe ana kwa ana. Tukutane kwenye sakura."

Hebu niambie, mwanamke wa miaka thelathini na minne akisoma ujumbe huo ataelewa nini? Nilinunua viatu vipya. Mama yangu, ambaye amepooza miguu siku nyingi, alinitazama nikivivaa.

— Akikuomba, usijifanye mstaarabu, — alisema. — Ulijifanya mara ya kwanza, ukabaki na mimi.

Mara ya kwanza ni pale kampuni ilipomhamishia Shigeki Sendai. Tulikuwa wapenzi kwa miaka mitatu. Stesheni aliniambia, "Mama yako anakuhitaji." Nikamjibu, "Nenda tu, mimi nitakuwa sawa." Sisi ndivyo tulivyolelewa. Humwombi mtu jambo zito, usije ukamtia aibu ya kukukatalia. Nilingoja aseme "twende". Treni ikaondoka.

Sasa, katikati ya njia, Shigeki alitoa bahasha kwenye mkoba. Nilichungulia karatasi iliyomo. Fomu ya ndoa. Jina lake lilikuwa limeshajazwa kwa mwandiko ule ule ninaoujua. Macho yangu yakakimbilia upande wa bibi harusi.

Yukino Tatebe.

— Wanatakiwa mashahidi wawili, — alisema. — Wa kwanza ni kaka yake. Wa pili nakuomba uwe wewe, Chizuru. Hakuna mtu ninayemheshimu kama wewe.

Nilitabasamu, mjinga mimi!

— Hongera! Mtakaa wapi?

— Pale pale kwangu, Sendai. Yukino anapapenda kwa sababu hakuna ngazi.

— Vijana wazima mnaogopa ngazi?

Petali zilimdondokea begani, hata hakuzipangusa.

— Niliikodi kabla sijahama, — alisema taratibu. — Nyumba ya chini, milango mipana. Nilipima mwenyewe kama kiti cha magurudumu kinapita.

— Kiti cha nani?

— Cha mama yako.

Nilisimama pale pale. Watu wakatupita huku na huku.

— Shigeki! Kwa nini hukuniambia?

— Ulisema utakuwa sawa. Nikaona nikikuambia habari ya nyumba nitakuwa nimekulazimisha.

— Nilikuwa nangoja uniombe!

— Na mimi nilingoja ulie, Chizuru. Ungelia tu kidogo, nisingepanda treni ile.

— Nililia. Treni ilipoondoka.

Mlinzi mmoja akatusogelea. "Samahani, wapendwa, msisimame." Wapendwa! Tukasogea.

— Nilikupenda, — nikamwambia. — Na bado nakupenda. Basi, nimesema.

Shigeki alifunika uso kwa mikono. Mwanaume yule alilia mbele za watu, wazee wakageuka kumtazama.

— Sema nifanye nini. Ukisema niichane, naichana sasa hivi.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mungu anajua lilivyonijaa mdomoni.

— Yukino anajua uko na mimi?

— Anajua. Nilimweleza yote yaliyokuwa kati yetu. Yeye ndiye aliyependekeza uwe shahidi. Alisema, "Mwombe yule dada. Akikubali, nitaingia ndani ya nyumba hii bila wasiwasi."

Ningeweza kumchukia mwanamke mwingine yeyote. Huyo nilikosa sababu ya kumchukia.

— Nipe kalamu.

— Chizuru...

— Nipe kalamu, Shigeki.

Nje ya geti la kutokea niliiweka fomu juu ya mkoba wangu. Nikaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani. Nikamrudishia.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mstari kwa mstari. Halafu akainama chini kabisa, kama mtu anayemwinamia mgeni rasmi.

— Nakushukuru sana, Bi Hirose.

Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina la ukoo. Nami nikainama.

— Hongera sana, Bwana Kuramochi.