Kimya Kabla ya Hodi

Mtoto alikuwa na tabia ya kunyamaza kabla ya hodi. Hulia tangu asubuhi mpaka sauti inakauka, halafu mchana, ghafla, anabana mdomo na kuukodolea mlango macho. Ndipo hodi inapopigwa na dada wa mama yake anaingia. Mama mwenyewe, msusi aliyefungia vitana vyake kabatini tangu ajifungue, alidhani mwanawe kamzoea mama yake mkubwa. Alishukuru kwamba walau yupo mtu wa kumtuliza.

Yeye alishindwa. Walimwambia mapenzi yangekuja pamoja na maziwa. Maziwa yalikuja peke yake. Alimnyonyesha kama anayemshikia mtu mzigo, akilia bila kujua analilia nini, na lilimjia wazo aliloliogopa, kwamba nyumba ile ingepumua kama yeye asingekuwepo. Alimwambia dada yake tu, aliyemlea na kumfundisha kushika kitana.

Dada alimsikiliza huku akimsuka.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu," alinong'ona. "Si mumeo, si mkunga. Watasema umerukwa na akili, wakunyang'anye mtoto. Siku ukichoka kabisa, nipe mimi."

Hakuwahi kumgusa mtoto, alisubiri apewe. Na kila alipoondoka, chumba kilibaki na harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo.

Asubuhi moja mumewe, fundi bomba mwenye maneno ya kuhesabu, alimwuliza kwa upole kama amtafutie mtu wa kumtengeneza nywele. Msusi akacheka. Fundi bomba na nywele wapi na wapi. Dada si kamsuka jana tu. Mume akatua kikombe. Alisema shemeji yake hajakanyaga pale tangu mtoto azaliwe. Msusi akadai anatania, na mume akaenda kazini akigeuka nyuma.

Alikwenda kwenye kioo. Vidole vyake vilipapasa mistari iliyonyooka, kazi ya mkono anaoujua tangu utotoni, huku kioo kikimwonyesha kichwa kilichotimka, nywele zimeshikana mafundo, na kadiri alivyoufuata mstari mmoja kutoka utosini kwenda kisogoni ndivyo alivyozidi kuhisi vidole vingine, vya baridi, vikitangulia vyake, bado vinasuka.

Alimpigia dada yake simu.

"Nilikuja mara tatu," dada alisema, sauti imemkauka. "Ulinijibu ukiwa ndani. Ulisema hutaki kuniona. Mimi niliyekulea."

"Sikuwa mimi, dada."

Mtoto, aliyekuwa akilia begani kwake, akanyamaza.

"Hodi," ilisema sauti ya dada yake mlangoni, sauti ileile iliyokuwa ikipumua sikioni mwake. "Umechoka sasa. Nipe."

Kweli alikuwa amechoka. Lakini kilichomuuma kuliko hofu ni kwamba machozi yake yote alikuwa amempa huyu, akamwamini, na tayari mikono yake ilikuwa inamwinua mtoto kuelekea kitasa kilichozunguka polepole, harufu ya nguo mbichi ikipenya chini ya mlango, ndipo akaanza kusema kwenye simu, yote, kwamba hampendi mtoto, kwamba anatamani kutoweka, kwamba kuna kitu mlangoni chenye sauti yako, dada.

"Nakuja. Usikate simu. Endelea kusema."

Alisema mpaka kitasa kikatulia.

Kliniki, alikopelekwa na dada yake, mkunga hakumkemea. Alisema ni ugonjwa, huwapata mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Akampeleka kwa daktari, akaanzishiwa dawa na mazungumzo ya kila wiki. Dada alipokitaja kile kitu cha mlangoni, akakiita jini bila kumung'unya maneno, mkunga hakucheka.

"Kilichokukataza kusema," alisema, "kiseme kila kikija."

Nafuu ilikuja kwa kusuasua. Dada alihamia kwao, akayafumua yale mafundo kwa subira, siku baada ya siku. Mchana mmoja akiwa ametoka kununua sabuni, mtoto alibana mdomo na kuukodolea mlango macho.

"Nilikutunzia siri zako zote," sauti ililia nje, kama ya mtu aliyeumizwa kweli. "Ukaenda kunisema."

Msusi alimkumbatia mwanawe, akachukua simu.

"Dada, kimerudi. Leo nimezidiwa, njoo."

Mlangoni pakawa kimya. Kisha mtoto akalia, kilio cha kupasua masikio, na mama yake, aliyekichukia kilio kile tangu siku ya kwanza, akamwomba asinyamaze.