Sahihi Kabla ya Novemba Mosi

Jumamosi ile ya Aprili ukumbi wa maonyesho wa Philadelphia ulifurika watu, ungedhani kunagawiwa nyama ya bure. Vyuo mia mbili vilikuwa vimepanga meza, kila meza na kitambaa cha rangi yake na kijana mwenye tabasamu la kulipwa, na wazazi wazima, wenye kazi na heshima zao, walisukumana kwa viwiko ili wapate kijitabu. Odette Pruitt, mkutubi wa maktaba ya mtaa upande wa kusini mwa jiji, alikuwa amepewa kimeza kidogo karibu na vyoo. Alivaa gauni la kijani kibichi na skafu ya manjano, na viatu ambavyo alikuwa akivijutia tangu saa nne asubuhi.

Mbele yake mfuko wa karatasi ukapasuka. Vijitabu vikamwagika sakafuni kama samaki waliomtoka mchuuzi, na mwanamume mrefu, mpana wa mabega, akapiga magoti kuviokota.

"Pole, Emmett," alisema Odette.

Yule bwana akainua kichwa. "Kwani tunafahamiana?"

"Shati lako limekutaja kabla yako."

Akatazama kifuani, jina lilikoshonwa kwa uzi mwekundu kwenye shati lake la kazi, akacheka mpaka masikio yakamwiva. "Mimi fundi wa lifti, dada yangu. Kazi yangu kupandisha watu juu. Leo mwenyewe nimekwama chini."

"Vijitabu vyote hivi! Una watoto wangapi?"

"Mmoja tu, Corinne. Yuko kule nyuma ya nguzo, anajifanya hanijui."

Odette akamchungulia: msichana wa miaka kumi na saba, mwembamba, nywele amezifunga kwa penseli. Akampa baba yake mfuko wa kitambaa wenye nembo ya maktaba. "Huu unarudishwa," alisema.

"Lini?"

"Ukipata sababu."

Sababu ilipatikana siku ya tatu tu. Emmett Dunleavy aliurudisha mfuko ukiwa na pichi sita ndani yake, na tangu hapo ikawa hazipiti siku mbili bila yeye kupiga simu. Alipiga akiwa juu ya majengo, kelele za mashine nyuma yake.

"Uko wapi leo?"

"Ghorofa ya thelathini na moja, kipenzi. Nauona mto wote. Nikinyoosha shingo nakuona na wewe, umevaa ile sketi ya kahawia."

"Nimevaa suruali."

"Basi ni mwanamke mwingine. Ngoja nimpungie mkono."

Odette alikuwa na miaka arobaini na minne. Ndoa yake ya kwanza ilikwisha bila mtoto na bila kelele, na alikuwa ameshajizoesha kuamini kwamba mambo ya mapenzi yamempita. Emmett alifiwa na mkewe, Nora, miaka minne nyuma. Hakuwa mtu wa kulialia, lakini koti la Nora lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na Odette alipofika pale mara ya kwanza alilipita kwa upole, kama mtu apitavyo mbele ya mzee aliyelala.

Msimu wa joto ukapita hivyo, kwa barafu ya limau na matembezi ya jioni. Ilipoingia Septemba, kila nyumba yenye mtoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari ilishikwa na homa ileile. Watoto waliweza kuomba vyuo vingi mwezi Januari, au wachague kimoja tu, waombe mapema, kabla ya Novemba mosi. Aliyeomba mapema alikuwa na nafasi nzuri zaidi, lakini alijifunga: akikubaliwa, lazima aende. Kulikuwa na fomu ya ahadi, na ilitiwa sahihi na mwanafunzi, mshauri wa shule, na mzazi.

Emmett hakuwa na la kufikiri. "Ni Wexcombe," alimwambia kila aliyeuliza na asiyeuliza. Ni chuo kule jimbo la Maine, mwendo wa saa nane kwa gari, ndiko alikosoma Nora. "Mtoto wa mtu aliyesoma pale, akiomba mapema, wanamtazama kwa jicho jingine. Mama yake angetaka hivyo."

Corinne alikuwa akisikia, anakula, anaondoka mezani.

Kila Alhamisi mchana Odette alisoma insha za maombi za watoto wa mtaa, na alikuwa na sheria moja: lililoandikwa pale halitoki pale. Corinne naye alianza kuja. Wiki ya pili ya Oktoba alimsukumia karatasi mbili bila kumtazama usoni. Juu kabisa palikuwa na jina la chuo, na hakikuwa Wexcombe. Kilikuwa chuo cha hapahapa jijini, vituo sita vya treni kutoka kwao.

Odette akasoma. *Nilipokwenda kambini kwa wiki mbili, jirani aliniambia kuwa baba yangu alikula akiwa amesimama kwenye sinki kila siku, taa imezimwa. Hajui kwamba najua. Watu huuliza nataka kuwa nani. Mimi nataka kuwa mtu anayerudi nyumbani jioni.*

Alisoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilikuwa zimeanza kucheza machoni.

"Corinne, unakitaka hiki chuo?"

"Ni kizuri."

"Sikuuliza kama ni kizuri."

"Bi. Odette, uliahidi hutasema."

"Niliahidi."

"Basi nisahihishie koma tu, tafadhali."

Odette akashika kalamu. Angeweza kumwambia mtoto, nenda, dunia ni yako, baba yako atakuwa salama. Lakini salama mikononi mwa nani? Mwake yeye Odette. Kila neno lililomjia mdomoni lilikuwa na harufu ya tamaa yake mwenyewe: mtoto aende mbali, nyumba ibaki wazi, naye aingie. Alijichukia kwa kuliwaza, akashindwa kutofautisha ushauri na uroho. Akasahihisha koma. Juu ya insha akabandika kikaratasi cha njano: *Iko tayari. Peleka.*

Siku zile simu zikabadilika ladha.

"Corinne amekuwa mzito na Wexcombe," Emmett alisema mchana mmoja. "Huko maktaba anakwambia nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe, mpenzi."

"Na mimi nakujibu, muulize yeye."

Nyuma yake kamba za lifti zililia. "Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza akakata bila utani wowote.

Oktoba ishirini na nne Emmett aliingia maktaba akiwa bado na mkanda wa zana kiunoni, koleo na bisibisi zikigongana. Wazee waliokuwa wakisoma magazeti wakainua vichwa. Aliweka kitu mezani kwa Odette: ile fomu ya ahadi, jina la chuo cha jijini limejazwa, nafasi ya mzazi tupu. Juu yake kile kikaratasi cha njano, sasa kimebandikwa hapo badala ya kwenye insha.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"*Iko tayari. Peleka.*" Alisoma polepole. "Wiki mbili nakuuliza. Wiki mbili unaniambia muulize yeye. Kumbe mmeshapika na kupakua!"

"Emmett, umesoma insha?"

"Insha gani? Nimeokota hii chini ya kitanda chake nikitafuta soksi! Nakuuliza wewe. Umemwambia asiende chuo cha mama yake?"

"Sikumwambia chochote."

"Na kwa nini? Mtu mzima, mtoto anaitupa bahati yake, wewe unakaa kimya unasahihisha?"

Jibu lilikuwa kooni. Neno moja tu, *sinki*, lingetosha kumwangusha pale pale. Odette akalimeza. "Nilimpa ahadi, Emmett. Nenda ukaongee na mwanao."

"Mwanangu. Ndiyo." Alikusanya karatasi zake. "Ungekuwa umelea, ungejua."

Hakupaza sauti aliposema hivyo, na hilo ndilo lililouma zaidi. Odette alipanga vitabu vilivyorudishwa hadi saa ya kufunga, akaviweka karibu vyote pasipo pake, na kesho yake ikabidi avipange upya.

Siku tano hakuna simu. Aliivua skafu ya manjano, akaikunja, akaiweka kabatini, akajiambia kwamba mwanamke wa umri wake anajua kufunga mlango. Usiku hakulala.

Tarehe thelathini, maktaba ikiwa imejaa watoto waliovaa mbawa za popo na kofia za wachawi kwa sherehe ya Halloween, Emmett alikuja tena. Safari hii hakuwa na zana. Alivaa koti la suti na tai iliyopinda, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Amenipa nisome," alisema.

Odette akamwongoza hadi chumba cha ramani, akafunga mlango. Emmett hakukaa.

"Amenikuta nimekaa tu, hata televisheni sijawasha. Akaniuliza, mmegombana kwa ajili yangu? Nikasema mambo ya watu wazima. Akatupa zile karatasi mapajani mwangu. Odette, mimi nilidhani namtunza. Kumbe miaka minne mtoto ndiye amekuwa mlinzi wangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na wewe ulijua. Ungeweza kunirushia usoni siku ile. Nilikutukana, ukanyamaza."

"Haikuwa yangu kuisema."

"Nisamehe kwa lile la kulea."

"Liliniuma."

"Najua. Nililisema liume."

Kisha Emmett akatia mkono mfukoni, akatoa kijisanduku cha pete.

"Nioe— yaani, niruhusu nikuoe," alisema, ulimi ukimgongana. "Leo, kesho, wakati wowote. Tukimwambia Corinne usiku huu, ataona sibaki peke yangu. Ataandika chuo chochote anachotaka. Bado siku mbili."

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mizimu. Odette alikuwa ameilaza ndoto hii tangu Aprili. Sasa ilikuwa imesimama mbele yake na tai imepinda. Lo, jinsi ilivyokuwa rahisi kusema ndiyo!

"Hapana," alisema.

"Odette—"

"Unanitaka mimi, au unataka wa kuziba pengo ili mtoto aondoke kwa amani? Usinijibu, hujui. Mimi mwenyewe sijui. Siwezi kuwa kiambatisho cha fomu ya chuo, Emmett. Nenda kwa mwanao. Mwambie utapona peke yako. Mwambie mpaka akuamini, na ili akuamini lazima iwe kweli."

"Na sisi?"

"Kaa kwanza na nyumba yako ikiwa tupu. Ukijua ilivyo, ndipo uje."

Emmett akakirudisha kijisanduku mfukoni. Mlangoni aligeuka kana kwamba angesema mzaha, lakini mzaha haukuja.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Tumesaini," alisema Emmett. Sauti ilikuwa imepauka. "Nilimwambia, andika chuo ambacho ndani yake hayumo mama yako, wala mimi simo. Akakaa chumbani muda wa saa tatu. Ametoka na kitu kinaitwa Halvorsen. Minnesota! Wanachunguza maji ya ziwa, barafu, samaki walio chini yake. Kumbe ana picha za chuo hicho tangu kidato cha kwanza, hajawahi kumwonyesha mtu. Kule kuna baridi ya kuua mbwa."

"Alilia?"

"Yeye alicheka. Aliyelia ni mimi. Nilichukua kalamu, Odette, na ule mstari mfupi vile ukawa mrefu kuliko kamba ya lifti. Lakini nimeandika."

"Vizuri, Emmett."

"Nilitaka tu wewe ujue wa kwanza."

Katikati ya Desemba Corinne akakubaliwa. Alikuja maktaba akikimbia kwenye theluji bila kofia, akamkumbatia Odette mbele ya watu, kisha akamnong'oneza, "Baba anajifunza kupika. Ni hatari. Tumeshaita zimamoto mara moja." Odette alicheka, ila moyo ulimwuma, kwa kuwa Emmett mwenyewe hakuja. Walikutana dukani mara tatu nne majira yale, wakasalimiana, wakaulizana habari za mtoto, kila mmoja akashika njia yake na mfuko wake.

Mwishoni mwa Agosti Odette alimwona Emmett akipakia gari: masanduku, blanketi nene, taa ya mezani. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Corinne alimpungia mkono kwa dirishani mpaka gari likakata kona.

Septemba ikapita yote. Odette alihesabu siku, akajikataza kuhesabu, akahesabu. Labda amezoea. Labda yeye mwenyewe alikuwa sahihi mno siku ile katika chumba cha ramani, na usahihi huo ndio atakaozeeka nao.

Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya chakula cha mchana, mvua nyembamba ikinyesha, kengele ya mlango wake ikalia. Emmett alikuwa ngazini. Amekonda kidogo, shati amelipiga pasi vibaya, mikono mitupu.

"Corinne hajambo?" aliuliza Odette, kwani hakupata la kuuliza jingine.

"Hajambo. Amenunua buti. Hajui kama niko hapa." Akavuta pumzi. "Wiki sita nimekaa mle ndani. Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa. Ya tatu nikalitoa koti la Nora nyuma ya mlango, nikampelekea dada yake. Sasa napika, nafua, nalala vizuri. Naweza kuishi peke yangu, Odette. Nimejaribu, naweza kabisa."

Odette akashikilia kitasa. "Basi umekuja kuniambia hilo?"

"Nimekuja kukwambia kuwa naweza, na sitaki. Naomba nikuoe. Hakuna mtu anayeondoka, hakuna tarehe ya mwisho. Ukitaka kufikiri mwaka mzima, fikiri, mimi nipo."

Mvua ilimtiririka usoni, naye hakuifuta. Odette akaufungua mlango wote.

"Mwaka mzima wa nini?" alisema, sauti ikimkatika. "Ingia ndani, mume wangu, umelowa."