Toroli Katikati ya Mwinuko

Ndege tatu zilikuwa zimetua karibu kwa pamoja, na ukumbi wa wanaowasili ulikuwa na kila kitu isipokuwa toroli. Watu walitoka na mizigo begani, kichwani, mingine wakiiburuta sakafuni. Mshonaji mmoja, mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe likamkaa barabara, alimwona dada yake akitokea mlangoni akisukuma sanduku kwa goti, hasira zikampanda. Akageuka kutafuta mtu wa kumgombeza, na bahati nzuri au mbaya akampata.

Kijana alikuwa anaingia kutoka maegesho, ameinama nyuma ya msururu mrefu wa toroli zilizochomekana, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"We kaka! Hizo toroli ulikwenda kuzizaa?"

"Samahani, dada yangu. Watu wanazipeleka mpaka kwenye magari yao, wakishapakia wanaziacha hukohuko. Hii nimeitoa mlangoni pa choo, ile ya pili nimeikuta mtoto amelala ndani."

"Na mtoto umemfanyaje?"

"Nimemrudishia mama yake. Alitaka nichukue vyote viwili."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Kijana akachomoa toroli ya mwisho, akaisogeza mbele yake. Aliposukuma, ikaelekea kushoto.

"Mbona hii inakwenda upande?"

"Gurudumu lake limezoea hivyo. Isukume kwa upole, usibishane nayo."

"Kumbe na yenyewe ina kiburi kama mwenye nayo."

"Mwenye nayo hana kiburi, dada. Yeye ukimwambia njia anakwenda."

"Mmemaliza?" dada mtu akauliza, akisugua goti. "Maana mimi nimesafiri usiku kucha."

Mshonaji hana macho ya kutazama mtu kwanza, hutazama nguo. Aliona kizibao cha kazini cha yule kijana, kile cha rangi ya kung'aa, kimefumuka begani. Akamwambia akilete amshonee, akampa na namba ya simu. Kabla hawajatoka getini, simu ikaita.

"Nilikuwa nahakikisha kama namba ni yenyewe," sauti ikasema.

"Ni yenyewe. Wewe nani?"

"Mwenye kizibao. Kazini wananiita Treni."

Kizibao kilishonwa, kikafumuka tena kwa njia ambayo haikueleweka, kikashonwa upya. Mshonaji aliijua kazi ya mkasi anapoiona, lakini alinyamaza, kwa sababu naye alipenda kile kizibao kirudi. Muda si mrefu walikuwa wamependana hadharani, kiasi kwamba wateja wake walisubiri sindano isimame kila simu ilipoita.

"Uko wapi, Treni wangu?"

"Niko hospitali."

"Mungu wangu! Una nini?"

"Hospitali ya toroli, huku nyuma ya karakana. Nawabadilishia wagonjwa magurudumu."

"Mjinga wewe! Moyo umeniruka."

"Umeogopa kunikosa?"

"Nimeogopa kizibao changu kitavaliwa na mwingine."

Maneno ya namna hiyo, ya watu wanaoamini kwamba siku hazitawaishia.

Kisha dada mtu, aliyekuwa amesharudi ng'ambo anakofanya kazi, akampatia mdogo wake nafasi katika kiwanda cha kushona sare. Mkataba wa miaka miwili. Tiketi ikatumwa. Nyumbani mama alilia kwa furaha, na mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia tangu baba yao afariki, alinunua koti jipya la kumsindikizia mpwa wake.

Mshonaji alimweleza Treni habari hizo wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba chake cha kushonea, huku akikata nyuzi kwenye pindo la sketi ya mteja. Hakumtazama. Alikuwa anasubiri neno moja tu.

"Ni bahati nzuri," Treni akasema.

"Eti?"

"Nasema umepata bahati."

Mshonaji akaendelea kukata nyuzi, hata zile zisizohitaji kukatwa. Mwanamume yule alikuwa anakufa ndani kwa ndani. Alijiuliza, mtu anayesukuma toroli za wasafiri ana haki gani ya kumzuia msafiri? Basi akalimeza neno, akadhani anafanya uungwana. Wapo wengi wenye uungwana wa aina hiyo, na wote huja kujuta.

Siku moja kabla ya safari, simu ya Treni iliita akiwa chakulani.

"Una lolote la kuniambia?" mshonaji aliuliza.

"Safari njema."

"Treni, usinitanie leo. Nitakata simu."

Sauti ikatoka, nzito, imepasuka katikati. "Sitaki uende."

"Na muda wote huo ulikuwa umelikalia?"

"Niliogopa utaniona nakufungia njia."

"Ningekuona unanipenda, bwana wee!" Alikuwa anacheka na kulia. "Sasa nisikilize. Mama na mjomba wamefurahi mno. Mimi peke yangu siwezi kuwaambia nabaki, unanijua, nikisimama mbele ya mjomba ulimi unakufa. Njoo kesho mlangoni pa kuondokea, uwaambie unataka kunioa. Ukisema, siingii ndani. Usiposema, naingia, na usinitafute tena."

"Nitakuja."

"Hata ndege zikitua kumi?"

"Hata zikitua juu ya kichwa changu."

Alijiandaa. Asubuhi alinyoa ndevu, akafua kizibao, akamwomba msimamizi ruhusa ya kitambo kidogo. Msimamizi alicheka, akampa. Lakini mwenzake, ambaye kazi yake ni kushika mbele ya msururu na kuuongoza, hakufika kazini kwa homa, na muda wa ruhusa ulipokaribia toroli zikaisha upande wa kuondoka. Wasafiri wakaanza kupiga kelele mlangoni.

"Peleka msururu mmoja tu," msimamizi akamwambia, naye uso umemshuka. "Mlango ndio huohuo unaokwenda. Ukiufikisha, nenda zako ukaoe."

Kutoka maegesho ya chini hadi mlango wa kuondokea kuna njia yenye mwinuko mkali. Anayepandisha toroli pale huweka kifua kwenye mpini, huinamisha kichwa, husukuma kwa mwili mzima. Na kila aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua jambo moja: ukishaanza kupanda, huachii. Breki ya toroli huzuia toroli moja. Msururu mzima ukirudi nyuma, hauna wa kuuzuia, na nyuma huwa kuna watu.

Alikuwa amefika katikati alipomwona. Mshonaji alisimama juu, mlangoni, katika gauni la zambarau lenye kola nyeupe, nywele zimesukwa upya. Pembeni yake alikuwa mama, kajifunga kitambaa kichwani, na mjomba katika lile koti jipya lililomzidi mabega. Macho yao yakakutana. Mshonaji akainua mkono, uso ukamng'aa, akasogea hatua moja mbele ya wenzake kama mtu anayefungua njia.

"Nakuja!" Treni alipaza sauti. Magurudumu yakaimeza.

Akageuza shingo kutazama nyuma. Mwanamke alikuwa anapanda akisukuma kigari cha mtoto mchanga, na wazee wawili wakimfuata wameshikana mikono. Msururu ulimrudisha Treni kidogo, akaukaza. Hakuwa na mkono wa kupunga. Hakuwa na pumzi ya kuita mara ya pili. Akafanya kitu pekee alichoweza kufanya: akainamisha kichwa, akasukuma.

Huko juu, mshonaji aliona mwanamume anayempenda akimtazama, akageuza uso, kisha akainama.

"Unamtazama nani?" mjomba akauliza.

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaushusha taratibu, akajifanya anaweka sawa kola. "Hakuna mtu, mjomba."

"Wasafiri ingieni, msizibe mlango!" mlinzi akasema.

Alimkumbatia mama, akampa mjomba mkono, akaingia. Hakugeuka nyuma, maana machozi yalishaanza kumtoka.

Treni alifika juu, akazipanga toroli kando ya ukuta mahali tambarare, akakimbia. Aliwakuta mama na mjomba wamesimama wanatazama kioo ambacho ndani yake haonekani mtu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Yuko wapi?"

"Marahaba. Nani yuko wapi?" mjomba akamtazama kuanzia kizibao mpaka viatu. "Na wewe ni nani?"

Treni alimkimbilia mlinzi, mtu ambaye hula naye kila siku mchana.

"Niingize mara moja tu, ndugu yangu."

"Kitambulisho chako ni cha nje, Treni. Unajua mwenyewe."

"Dakika moja."

"Ningekuwa na namna ningekupa. Sina." Na kweli hakuwa nayo, alitazama chini kwa aibu.

Treni akatoa simu, akapiga. Ikaita. Iliita karibu mno. Iliita ndani ya mkoba wa mama mtu.

Mama akaitoa. "Ameniachia mimi. Kasema huko dada yake atampa nyingine. Kaka, hebu soma, ni nani anapiga?"

Mjomba akasogeza kioo cha simu mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Wangu wa Toroli." Akamtazama kijana, akaitazama simu iliyokuwa sikioni mwake. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi." Na hapo, akihema, jasho na machozi vimechanganyika, akalitoa lote mlangoni pale, mbele ya watu wasiomjua: kwamba anampenda binti yao, kwamba alikuja kuomba kumwoa, kwamba angelisema wakati yeye mwenyewe yupo, lakini alikuwa kwenye mwinuko na mikono haikuweza kuachia. Mama aligeuka kuitazama njia ile. Watu walikuwa bado wanapanda.

"Ndiyo maana aliinua mkono," akasema polepole. "Na mimi nikadhani anaaga mji."

Karibu saa nzima baadaye walikuwa bado wamesimama palepale, simu ikaita tena mkononi mwa mama, safari hii namba ngeni. Akaipokea, akasikiliza, kisha akampa Treni.

"Mama? Nimeazima simu ya msafiri mwenzangu, hii namba yangu ndiyo pekee niliyoishika kichwani. Mama, nisamehe, nilitaka kukwambia..."

"Ni mimi, mpenzi."

"Uliinamisha kichwa," mshonaji akasema. "Ulinitazama, halafu ukainama."

"Ndivyo tunavyopandisha. Nyuma yangu kulikuwa na mtoto kwenye kigari. Ningeachia..."

Alimsikia akivuta pumzi kwa kwikwi. "Mimi nikadhani umenionea aibu. Wewe, nimeingia huku sioni hata mbele."

"Nimeshawaambia. Nimewaambia wote wawili. Usiende."

"Nimeshajaribu kutoka! Nilipofika ndani moyo ulinikataa, nikawaambia nataka kurudi. Wamesema nimeshagongwa muhuri, na begi limeshapanda, lazima litafutwe na ndege nzima isubiri. Kila mtu akanigeukia. Nikaona aibu, nikasema basi. Nikajiambia, nirudi kwa nani?" Nyuma yake tangazo lilisikika. "Wanatuita. Mwenye simu anaitaka. Treni, sema kitu."

Alitafuta kitu. Mwanamume aliyekuwa na utani wa kila saa hakupata hata neno moja lenye nguvu ya kumtoa mtu nyuma ya kioo.

"Nitakungoja," akasema.

"Miaka miwili?"

"Nitakungoja."

"Usininyamazie tena, umesikia? Hata nikiwa..." Simu ikakatika.

Akairudisha kwa mama kwa mikono miwili. Mjomba alikohoa, akarekebisha koti.

"Wazee wako wapo?"

"Wapo, mjomba."

"Basi waje Jumapili."

"Kaka, mwenyewe hayupo," mama akasema, machozi yakimdondoka.

"Yeye hayupo. Sisi tupo."

Treni alitaka kufurahi. Alikuwa amekubaliwa, kitu alichoogopa miezi yote kwamba hatakipata, na furaha ilikataa kuja. Akasimama kwa muda mrefu baina ya wale wawili wakitazama juu. Ndege moja ikapaa, na muda mfupi baadaye nyingine, zikielekea pande tofauti. Hakujua aliyopanda mpenzi wake ni ipi, kwa hiyo akazipungia zote mbili.